Sheki ya Chokoleti Yenye Wanga Kidogo Huanza na Maji ya Moto

Mama yangu ana kisukari cha aina ya pili, na kwa miaka mingi alizoea kujipongeza kwa sheki ya chokoleti kila alipotoka kliniki. Alipoambiwa apunguze sukari, nilimpeleka kwenye duka lile lile la juisi nikamwagizia "bila sukari", na muuzaji kweli hakuligusa kopo la sukari. Saa mbili baadaye nilimpima nyumbani, mashine ya kupimia sukari ya damu ikasoma 14.2 (milimoli kwa lita, kama vipimo vyote hapa), ilhali asubuhi ilikuwa imesoma 7.8. Siku iliyofuata nilirudi peke yangu, nikaagiza sheki kama ile na kusimama karibu na blenda nitazame. Viliingia vijiko vitatu vya unga wa chokoleti wa kopo, ndizi mbivu nzima na glasi ya maziwa. Muuzaji hakutudanganya, kwa kuwa sukari hakuongeza. Ilikuwamo tayari katika kila alichotia.

Tangu siku hiyo sheki ya mama naitengeneza mwenyewe, na jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza ni kwamba kakao na unga wa chokoleti wa kunywa ni vitu viwili tofauti. Soma maandishi ya nyuma ya kopo: viambato hupangwa kwa uzito, kinachotangulia ndicho kingi, na katika kopo tulilokuwa nalo nyumbani sukari ilitangulia kabla ya kakao. Kakao halisi, ile inayotokana na tunda linalolimwa kwetu Kyela, haina utamu hata kidogo. Ni chungu, na kijiko kimoja cha chakula kina gramu 3 hivi za wanga, kile kirutubisho ambacho mwili hukigeuza sukari, ambazo zaidi ya nusu yake ni nyuzinyuzi zisizopandisha sukari ya damu. Ndizi moja ya wastani, kwa upande mwingine, ina gramu 27 hivi za wanga, na glasi ya maziwa ina 12.

Uchungu huo ndio unaowakatisha wengi tamaa, hasa kakao inapokataa kuchanganyika. Ukiimwaga kavu juu ya kitu cha baridi, huelea na kufanya madonge ambayo blenda huyapasua bila kuyalainisha, na anayekunywa hukutana na unga mkavu ulimini. Sababu ni mafuta yaliyomo ndani ya kakao, ambayo huyasukuma maji baridi. Dawa yake ni maji ya moto. Weka kijiko kimoja na nusu cha kakao kwenye kikombe, tia chumvi kidogo ya kubana kwa vidole viwili, kisha mimina maji yaliyotoka kuchemka, vijiko vitatu tu, huku ukiponda kwa mgongo wa kijiko. Mwanzoni utaona vumbi linalokataa kulowa, kisha ghafla linakubali, rangi inageuka kutoka hudhurungi iliyopauka na kuwa nyeusi inayong'aa, na harufu ya chokoleti inajaa jikoni. Hapo utajua imeiva. Acha ipoe. Chumvi usiiache, kwa kuwa hupunguza ukali wa uchungu kuliko unavyoweza kudhani, na kwa hiyo hupunguza haja ya kitu kitamu.

Mahali pa maziwa natumia tui la nazi, na mahali pa ndizi natumia parachichi. Nazi naikuna kwa mbuzi na kukamua kwa maji ya uvuguvugu, nikichukua tui la kwanza pekee, nusu kikombe na zaidi kidogo kwa mtu mmoja. Anayenunua la kopo ahakikishe halikuongezwa sukari. Nilipoanza nilikuwa nikitumia tui lililolala kwenye friji, na sheki ilijaa chembechembe za mafuta zinazoganda kwenye midomo, kwa sababu mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Siku hizi nalisaga tui likiwa halijapoa, pamoja na nusu ya parachichi dogo, mpaka liwe laini kabisa. Kisha naongeza kakao, na barafu huingia mwisho, vipande vitano au sita, kwa muda mfupi tu. Parachichi liwe limeiva sawasawa: bonyeza kwa kidole gumba karibu na kikonyo, nalo libonyee bila kupasuka. Likiwa bichi huacha uchungu ambao hakuna kakao itakayouficha.

Kwa utamu, mama ameridhika na matone machache ya stevia, kiongeza utamu cha mmea kisicho na sukari, pamoja na iliki iliyotwangwa. Anayenunua stevia ya unga asome pakiti, kwa kuwa nyingine huchanganywa na sukari za aina nyingine ili kuongeza ujazo. Asali na tende sizitii, ingawa watu hunisihi kwamba ni za asili. Ni za asili kweli, na hupandisha sukari vilevile.

Kwa hesabu yangu glasi hii hubakiwa na gramu 10 hivi za wanga baada ya kutoa nyuzinyuzi, na mara ya mwisho mama alipoinywa kipimo chake kilipanda kutoka 7.1 hadi 7.9. Hata hivyo ina mafuta mengi na inashibisha, kwa hiyo kwetu huchukua nafasi ya kifungua kinywa, haiongezwi juu yake. Mwenye matatizo ya figo asiinywe kabla ya kumuuliza daktari wake, kwa sababu parachichi na kakao vina potasiamu nyingi. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari naye amwone daktari kabla ya kupunguza wanga, kwani dozi ya zamani inaweza kumshusha kupita kiasi. Na ikitokea sukari imeshuka chini ya 4, sheki hii haimfai hata kidogo, maana haina sukari ya kutosha na mafuta yake huchelewesha hata ile kidogo iliyomo. Mama akifikia hapo nampa vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, kisha nampima tena baada ya dakika 15. Kopo la sukari kwa ajili hiyo liko kwenye kabati lile lile la kakao, na kila mtu nyumbani anajua lilipo.