Sheria Inayonilinda Mimi Haimlindi Mama

Ami, shikamoo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unataka nimtaje hadharani yule wakala aliyekula pesa za vijana wetu wa Kisauni, hapo Mombasa, kwa ahadi ya kazi za Ghuba, kwa kuwa mtu akiwa Marekani husema atakalo na hashtakiki. Wallahi umeniudhi, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba nusu ya maneno hayo ni kweli.

Mwaka 1945, katika kesi ya Bridges dhidi ya Wixon, Mahakama ya Juu ya huku ilikubali kwamba mgeni mkaazi naye ana uhuru wa kusema. Tena iko sheria ya mwaka 2010, SPEECH Act, inayozizuia mahakama za Marekani kutekeleza hukumu ya kashfa kutoka nje, isipokuwa sheria ya huko iwe inamlinda msemaji kama ya hapa, au hata mahakama ya hapa ingemwona ana makosa.

Lakini kinga hiyo haifiki Mombasa. Huko mshtakiwa ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alilosema ni kweli, na akishindwa hulipa fidia. Mshahara wangu hautaguswa. Atakayebishiwa hodi na dalali wa mahakama ni Mama, kwa sababu kiwanja nilichomjengea nyumba kwa miaka yangu tisa ya kusafisha maofisi usiku kiko kwa jina langu. Nanyi mtakaoyasambaza maneno yangu mtashtakiwa hapo hapo mlipo.

Mwaka jana niliandika mistari minne tu, bila jina, na wakili wa huyo wakala akaniletea barua ya kunipa siku 7 niombe radhi. Niliitoa kwa printa ya maktaba, nikaikunja katika mfuko wa sare, nikapangusa meza hadi alfajiri karatasi ikinikwaruza kifuani. Niliifuta ile mistari. Niliwaacha huko, kisha nikawanyamazia, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo nawaomba msiandike kitu. La, msinyamaze pia! Jela kwa kosa la kashfa peke yake msiiogope, maana Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka mwaka 2017 kwamba kifungu kilichofanya kashfa kuwa jinai kinakiuka Katiba. Ogopeni kusema msilo na ushahidi wake. Kila kijana atafute ujumbe wa M-Pesa wa siku aliyolipa, aende nao polisi, na nakala aniletee mimi. Wakili wa hapo Mombasa nitamlipa.

Habari ya ile barua, Ami, Mama asiijue.