Viza ya 186 Australia: rufaa yako bila ya mwajiri

Pendekezo la mwajiri na viza yako vimekataliwa, naye hakati rufaa: je, unaweza kushinda peke yako? Hapana, rufaa yako peke yako haitoshi. Kwenye 186 (viza ya ukaazi wa kudumu kwa kupendekezwa na mwajiri) kuna maamuzi mawili: pendekezo la mwajiri na viza yako. Pendekezo likikataliwa, mwenye haki ya kulipeleka ART (baraza linalopitia upya maamuzi ya serikali, lililorithi baraza la zamani, AAT, Oktoba 2024) ni mwajiri. Asipofanya hivyo, baraza litabaki kuthibitisha kukataliwa kwa viza, maana sheria inataka pendekezo lililoidhinishwa, hata uwe na uzoefu wa miaka kumi. Kupata mwajiri mpya hakuokoi ombi la zamani, ndugu. Hilo ni ombi jipya. Na siku za kukata rufaa ni 28 tangu kujulishwa, baraza haliongezi hata moja, kwa hiyo mbane bosi leo.