Mistari ya mshazari yafunika mwamba: tatizo ni nyundo?

SWALI: Tunapima ardhi kwa mwakisiko wa mitetemo (mwangwi unaorudi kutoka tabaka za chini) nje kidogo ya Dodoma. Kisima cha jirani kilikuta mwamba mita 25 chini. Tumepanga jiofoni (vihisi vya mitetemo ya ardhi) 24 za hezi 4.5, moja kila mita 5, na nyundo ya kilo 8 juu ya sahani ya chuma, pigo moja kila kituo. Kwenye rekodi tunaona mistari ya mshazari tu, si mwakisiko wa mwamba. Je, nyundo ni dhaifu?

JIBU: Kwa kina hicho nyundo kwa kawaida hutosha. Kilichowaangusha ni mpangilio.

Tuseme kasi ya wastani hadi kwenye mwamba ni mita 1,000 kwa sekunde. Mwakisiko utafika milisekunde 50 penye nyundo, 54 umbali wa mita 20, na 64 umbali wa mita 40. Mawimbi yanayotambaa juu ya ardhi huenda kama mita 200 kwa sekunde, na mlio wa nyundo hewani 340. Karibu na nyundo hivyo viwili huumeza mwakisiko. Kuanzia kama mita 20 ndipo unapovitangulia. Dirisha lenu basi ni mita 20 hadi 40, na humo mna jiofoni tano tu! Mkunjo wa mwakisiko humo, wa milisekunde 10 (kutoka 54 hadi 64), hauonekani kwa nukta tano. Wekeni jiofoni kila mita 1, ya kwanza ikiwa mita 17 kutoka kwenye nyundo.

Tumieni jiofoni za hezi 40 au zaidi, maana za 4.5 hubeba mno mawimbi mazito (yanayotetema polepole) ya juu ya ardhi. Chukueni sampuli kila milisekunde 0.25. Jumlisheni mapigo tisa kila kituo: kelele za ovyo hupungua mara tatu zikilinganishwa na ishara. Fukueni mchanga mkavu hadi udongo ulioshikana kabla ya kuchomeka jiofoni, kwa sababu mchanga mlegevu hula mitetemo ya masafa ya juu (ya haraka), na pimeni asubuhi kabla upepo haujaamka.

Msikimbilie kuunganisha rekodi za vituo vyote ziwe picha moja. Kagueni kwanza rekodi ya kituo kimoja kimoja: mwakisiko huchora mstari wa mkunjo, wimbi la mpindo (linalobadili mwelekeo na kukimbia juu ya uso wa mwamba kabla ya kurudi) huchora mstari ulionyooka. Mpindo ukiunganishwa kwa makosa hutoa tabaka zuri la kuvutia ambalo halipo ardhini.

Graniti ya huko nayo mara nyingi huoza polepole kuelekea chini, bila mpaka mkali, na mpaka wa namna hiyo huakisi kidogo hata mkifanya kila kitu sawasawa. Kwa hiyo msifute rekodi za zamani. Mstari wenu wa mita 115 unafaa kwa njia ya mpindo, inayohitaji urefu wa mara nne hadi tano ya kina. Ongezeni mapigo kwenye ncha zote mbili na katikati, kisha someni mawimbi yanayofika kwanza.