Kabla hujaongeza sitaha kwenye jahazi la mizigo

Jahazi nililonunua Tanga lilikuwa limebeba mawe na boriti tangu liundwe. Mimi nilitaka libebe wageni. Nikaagiza liongezwe sitaha ya pili ya mninga, na juu yake paa la mbao. Mzee mmoja aliyekuwa akikalafati mashua pembeni, yaani akiziba mishono ya mbao kwa pamba, akaniambia, "Mwanangu, chombo hiki kimezoea mzigo ngamani, wewe unakitwika kichwani." Sikumsikiliza. Siku ya kulijaribu, kusi ilitupiga ubavuni, jahazi likalala, likakawia kuinuka. Nilihesabu hadi nne. Aliyewahi kukaa kwenye chombo kinachokawia kuinuka anaujua ule ubaridi wa tumboni.

Sitaha yote tuliivunja. Baadaye nikasoma habari za meli ya Resolution, na nikatamani ningezisoma mapema.

Meli hiyo iliundwa Whitby, Uingereza, mwaka 1770, ikaitwa Marquis of Granby. Kazi yake ilikuwa kubeba makaa ya mawe. Vyombo vya Whitby vilikuwa na tumbo pana na chini bapa. Maji yakipwa, vinakaa wima juu ya tope na kupakua. Mwaka 1771 jeshi la majini likainunua kwa pauni 4,151, likaifanya slupu, yaani meli ya kivita iliyo ndogo kuliko frigeti. Kwanza waliiita Drake, kisha wakaona jina hilo litawaudhi Wahispania, wakalibadili. Nahodha James Cook alikuwa ameshazunguka dunia na Endeavour, nayo meli ya makaa ya Whitby, kwa hiyo alijua anachotaka kwa safari yake ya pili.

Tatizo lilikuja na Joseph Banks, tajiri na mtaalamu wa mimea aliyekuwa aende na Cook, akataka nafasi ya watu wake na vifaa vyao. Mbavu zikainuliwa, ikaongezwa sitaha nzima, na juu yake chumba cha nahodha. Mei 1772 ikajaribiwa kwenye mto Thames, ikaonekana nzito mno juu, haifai kwenda baharini. Ikapelekwa Sheerness, nyongeza zote zikang'olewa. Banks alighadhibika, akajitoa, akaenda zake Iceland.

Ikiwa imerudishiwa umbo lake, meli ile ile ya makaa ilivuka Duara la Antaktika, ule mstari wa ramani unaoizunguka ncha ya kusini, tarehe 17 Januari 1773, ya kwanza inayojulikana kufanya hivyo. Mwaka uliofuata ikafika nyuzi 71 na dakika 10 kusini mwa ikweta, katikati ya barafu. Kila nikilifikiria hilo naona uchungu kwa mninga wangu.

Basi wewe unayetaka kubadili kazi ya chombo, kitazame kwanza kikiwa kimesheheni kama kilivyozoea, na upige alama ya rangi pale maji yanapofika. Ukiondoa shehena, lazima kitu kingine kikae chini mahali pake. Mimi nilitia farumi ya mawe, yaani uzito wa kukituliza chombo, nikayapanga karibu na mkuku, ule uti wa chombo chini kabisa, na kuyabana kwa mbao yasitembee. Abiria wangu wanakaa chini, kwenye sitaha ya zamani, na kivuli chao ni turubai.

La pili ni kalafati. Mwaka 1776 Resolution ilitengenezwa Deptford kwa safari ya tatu ya Cook, na mara hii yeye hakuisimamia kazi kwa karibu kama awali. Ilivuja karibu safari nzima, mabaharia wakilala kwenye maji. Mlingoti wa mbele nao ukaharibika, wakalazimika kurudi ghuba ya Kealakekua huko Hawaii, na ndiko Cook alikouawa tarehe 14 Februari 1779. Meli ilirudi nyumbani bila yeye, ikafanywa ya kubeba shehena za jeshi, na mwaka 1782 Wafaransa wakaiteka.

Siku hizi kalafati ikianza mimi huchukua kigoda, nikakaa kando ya fundi tangu asubuhi. Nasikiliza nyundo. Mshono uliojaa pamba hulia mkavu, uliopunjwa hulia mzito kama unagonga tope. Ukiusikia huo, mwombe fundi aung'oe na kuujaza upya, hata kama jua limeshazama.