Hadithi Yako Haina Chumvi? Soma, Kisha Ukakae Barazani

Kijana mmoja wa Likoni aliniandikia juzi: "Kaka, nikianza kusimulia tu, watu wanatoa simu. Nifanyeje?" Nilicheka, kisha nikaumia kidogo. Swali hilo nalijua.

Miaka tisa iliyopita nilimpelekea mhariri mmoja hadithi ya marehemu baba, aliyebeba magunia bandarini Kilindini ujana wake wote. Ilirudi na neno moja pembeni: "Ripoti." Sijamsamehe hadi leo, ingawa alisema kweli. Niliandika baba alikuwa mchapakazi, baba alikuwa maskini, baba alipendwa. Gunia lenyewe halikuwamo.

Nikaacha kuandika, nikasoma. Kilichonizindua ni Kuli cha Adam Shafi, riwaya ya makuli wa Unguja na mgomo wao wa 1948. Nilikuwa naisoma huku nikiliona bega la kulia la baba, lenye sugu, limeinama kuliko la kushoto, na mama akilikanda kwa mafuta ya nazi kila usiku wa Ijumaa. Kumbe hadithi ilikuwa pale! Basi ndugu yangu, soma. Wala usisome ili umalize. Ukifika mahali moyo ukakupasuka, rudi ukurasa mmoja nyuma uangalie mtego ulitegwa wapi.

Na usikilize. Mji wa Kale kuna baraza ninayokaa baada ya Isha. Mzee mmoja pale ana kisa cha mwizi aliyeingia nyumba ya kungwi. Mwizi akishatia mkono kwenye komeo, mzee husita. Huipuliza kahawa, hunywa funda, humega kashata. Sisi kimya! Nimekisikia mara sita na bado shingo hunitoka. Bibi yangu naye, ukiitikia "Pakawa" kivivu, alifunga mdomo na hadithi ikalala. Vijana wa sasa mnataka kusimulia kabla hamjajua kuitikia. Someni! Sikilizeni! (Nakaripia kwa sababu nami nilichelewa.)

Jumamosi iliyopita nilithubutu kulisimulia bega la baba barazani pale pale. Nilipofika kwenye mafuta ya nazi nikanyamaza, nikainua finjani yangu. Kahawa ilikuwa imeshapoa, nikainywa hivyo hivyo, polepole.

Mzee akanigeukia, kashata mkononi. "Haya, kisha?"