Pikapu, Kutu na Chumvi: Majibu kwa Wasomaji wa Kusini

Tangu nigusie habari za watu wanaofufua pikapu kuukuu uani kwao, maswali yamemiminika. Mengi ni ya Mtwara mjini, Mikindani na Lindi. Machache yametoka Masasi na Nachingwea. Nimechagua yale yanayojirudia. Mimi si fundi wa cheti, ni mtu wa spana za Jumamosi, kwa hiyo penye hatari ya kweli nitakwambia mwite anayejua.

*Marehemu baba ametuachia Hilux ya miaka ya themanini. Imekaa chini ya mkorosho tangu aache kuendesha. Kaka yangu anataka tuanze na injini, mimi nasema bodi. Nani yuko sahihi? (Mikindani)*

Poleni kwa msiba. Kwa hili la gari, wote mmekosa: anzeni na chesesi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima. Injini hununuliwa, milango hununuliwa, hata kichwa kizima hupatikana ukiulizia. Chesesi ikishaoza, kilichobaki ni vipuri vya kumuuzia mwingine.

Lala chini ya gari ukiwa na nyundo ndogo na bisibisi ambayo huionei huruma. Gonga kuanzia mbele kwenda nyuma, taratibu, ukisikiliza. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti iliyokufa, na magamba ya kutu yanakudondokea usoni, kwa hiyo vaa miwani. Ukifika mahali penye mashaka, choma kwa bisibisi. Ikizama, umepata jibu. Usiache kukagua pale springi za nyuma zinaposhikwa na chesesi, na sehemu inayopanda juu ya ekseli ya nyuma. Chesesi ya Hilux ni kama sanduku refu lililofungwa: mchanga na maji ya chumvi huingia kwa matundu madogo, hukaa humo, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Ukiiona kwa nje tayari imeshakula vya kutosha.

Mkorosho nao una deni lake. Fungua boneti uchokoe majani kwenye mfereji wa chini ya kioo cha mbele. Yakioza pale hushika unyevu mwaka mzima, na maji yakikosa njia hushukia miguuni pa dereva. Ng'oa kapeti uone sakafu.

Kabla hujalala chini: jeki peke yake haitoshi. Weka stendi za chuma au magogo mapana yaliyokaa sawa. Tofali za saruji usithubutu, hupasuka ghafla bila kutoa dalili.

*Fundi bodi wangu anasema matundu ya chini ya mlango atayaziba kwa pati, apige rangi, nisijue kama palikuwa na tundu. (Shangani, Mtwara)*

Hutajua mpaka masika. Pati ni ya kusawazisha bonde dogo juu ya chuma kizima, si ya kuziba tundu. Kutu iliyo nyuma yake haijaondoka, inaendelea kula gizani, na pati yenyewe hunyonya maji.

Mwambie akate mpaka afikie chuma kinachong'aa, kisha achomelee kipande kipya. Bati la geji 20 linafaa sehemu nyingi za bodi, geji 18 kwa sakafu. Bati la kuezekea nyumba hapana: lina zinki, ikichomwa hutoa moshi wa sumu, na kiungo chenyewe hakishiki vizuri. Achomelee kwa vidoti, kimoja huku, kingine kule, akiacha papoe. Akichoma mstari mmoja mrefu bati litajikunja kwa joto, halafu utamlipa tena kwa kulinyoosha. Betri ifunguliwe nyaya kabla mashine haijawashwa. Tanki la mafuta kama liko karibu lishushwe. Na tanki lenyewe likiwa na tundu, tafuta lingine. Tanki tupu ndilo hatari zaidi, kwa kuwa limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

*Nimefungua mabano, bawaba, kitasa na bolti nyingi ndogo, zote nyekundu kwa kutu. Msasa umenichosha. Kuna njia nyepesi? (Lindi mjini)*

Ipo, tena nyepesi mno. Tafuta ndoo ya plastiki, maji baridi (yasiwe ya bahari), magadi soda na chaja ya betri ya volti 12. Magadi yawe yale meupe ya unga ya dukani, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne za maji. Yale ya mawe huwa na chumvi ndani yake, na chumvi katika kazi hii huzalisha klorini, gesi unayoisikia puani kwenye dawa za kusafishia choo. Tundika kipande chako chenye kutu katikati ya ndoo kwa waya. Pembeni simamisha vyuma chakavu vya kawaida, nondo au bati nene, visigusane na kipande. Waya hasi wa chaja uende kwenye kipande chenye kutu, waya chanya uende kwenye chuma chakavu. Ukibadilisha hapo utakula kile unachotaka kukiokoa.

Washa. Ndani ya dakika chache utaona mapovu madogo yanapanda kutoka kwenye bawaba, kisha povu la kahawia linatanda juu ya maji. Iache usiku kucha. Asubuhi zima chaja kwanza, ndipo uguse waya. Kipande kitatoka cheusi, si chekundu. Kisugue kwa brashi ya waya, ule weusi unaondoka kama masizi. Hapo hapo kikaushe juani na ukipake praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga chuma, siku hiyo hiyo. Kwa hewa yetu ya pwani, chuma kitupu kikilala kinaamka na kutu.

Yale mapovu ni haidrojeni, inayolipuka. Kwa hiyo kazi hii ni ya uani, si ya stoo, na sigara ikae mbali. Usitumie chuma kisichoshika kutu (stenlesi) upande wa chanya, maana hutoa kromi yenye sumu kwenye maji. Springi na bolti ngumu za steringi usizitie kabisa. Haidrojeni huzifanya zikatike kirahisi.

*Mzee wangu ni mvuvi. Anasema nipake chesesi sifa (mafuta ya ini la papa), kama walivyokuwa wakipaka majahazi. Jirani anasema oili chafu. Mwingine anasema mafuta ya maganda ya korosho. Nimsikilize nani? (Msimbati)*

Msikilize mzee.

Mafuta ya ini la papa yanapenya kwenye kutu na kusukuma hewa na unyevu nje, na yakikauka huacha utando. Hata Wazungu waliligundua hilo baharini. Nahodha mmoja, Robert Fergusson, aliona kutu ya sitaha ya meli yake imetulia pale mafuta ya samaki yalipomwagika, na mwaka 1921 akaanzisha Marekani kampuni ya rangi ya Rust-Oleum. Sifa usiipake nje kwenye rangi. Imimine ndani ya chesesi kupitia yale matundu, kutu nyepesi ikiwa imeshasafishwa na chuma kimekauka kabisa. Harufu? Itakuwepo kwa majuma kadhaa, na paka wa mtaa mzima watahamia kwako. Ukishindwa kuivumilia, nta ya kupulizia ndani ya chesesi inafanya kazi hiyo hiyo kwa bei kubwa zaidi.

Oili chafu najua wengi wanaitumia. Ina asidi na vumbi la chuma kutoka kwenye injini, inalainisha na kuharibu mipira ya springi, inashika mchanga, na mvua ikinyesha inashuka kisimani kwenu. Siipendi.

Mafuta ya maganda ya korosho ni mali kubwa: viwandani hutumika kutengeneza rangi na hata pedi za breki. Lakini mabichi hubabua ngozi. Mtu yeyote aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua vidole vinavyokuwa. Kulala chini ya gari huku yanakudondokea usoni ni adhabu usiyostahili.

Na kwa kuwa unaishi Msimbati: kuendesha ufukweni kule ni raha, nakubali. Ila gari likitoka pale lioshwe tumboni kwa maji baridi siku hiyo hiyo. Tumboni, si boneti tu.

*Injini imegoma kuzunguka. Vijana wanataka tuivute kwa lori ikiwa kwenye gia. (Masasi)*

Wazuie. Ringi za pistoni zikiwa zimegandana na silinda, lori halitaziachanisha, litazivunja. Fungua plagi (kama ni ya dizeli, fungua hita plagi au nozeli), mimina kidogo dizeli iliyochanganywa na oili kwenye kila silinda, uache siku kadhaa. Kisha shika nati ya puli ya mbele kwa spana ndefu, ujaribu kuzungusha kwa mkono, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ikikubali hata kwa unywele mmoja, ongeza dizeli urudie kesho. Ikikataa baada ya wiki, fungua silinda hedi, hakuna njia ya mkato.

Ikishazunguka, izungushe plagi zikiwa nje ili ile dizeli itoke, umwage oili yote, uweke mpya. Na usiwashe gari ukaenda nalo barabarani kwa furaha. Mipira yote ya breki ibadilishwe, pamoja na hosi na mafuta yake. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu huo umekuwa ukila masta silinda muda wote gari lilipolala.

*Nauziwa Land Rover pikapu. Mwenye nalo anaapa halishiki kutu kwa sababu ni aluminiamu. (Nachingwea)*

Anasema nusu ya ukweli. Land Rover ilipotoka mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo maana bodi ikawa ya aluminiamu. Chesesi ni ya chuma. Ukuta unaotenganisha injini na dereva, ule unaoshika milango na kioo, nao ni wa chuma. Chukua nyundo yako uende huko huko chini. Tena aluminiamu ikigusana na chuma palipo na unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa: tazama kandokando ya bolti na ukingo wa milango kama kuna unga mweupe na rangi iliyovimba. Faraja yako ni kwamba Nachingwea ni mbali na bahari. Muulize gari lilikaa wapi kabla ya hapo.

*Nipige rangi mwezi gani? Napulizia mwenyewe uani kwa kompresa ya kuazima. (Chuno, Mtwara)*

Juni mpaka Oktoba. Mvua zetu zikishaanza Desemba, sahau mpaka ziishe. Hata katika kiangazi, subiri umande ukauke, umalize kabla upepo wa mchana haujaanza kuleta vumbi. Karibu na ufuo kusi linakuja na chumvi, hivyo funga maturubai upande wa baharini.

Siri iko kwenye kuosha. Chembe za chumvi zikibaki chini ya praima huvuta unyevu kupitia rangi, na baada ya miezi utaona vipele. Osha kwa maji ya bomba au ya mvua uliyokinga. Maji ya kisima cha pwani yaonje kwanza. Yakiwa na munyu, umerudisha kile ulichokuwa unakiondoa. Praima ya epoksi ndiyo nayoiamini. Redoksaidi, ile praima nyekundu ya kawaida, ni rahisi na inafaa, ila usiiache juma zima bila rangi ya juu, inapitisha maji. Na vaa barakoa ya kemikali yenye chujio. Kitambaa puani hakizuii mvuke wa thina.

*Gari halina kadi. Nianze kazi huku nikitafuta? (Mtama)*

Hapana. Tafuta kwanza. Soma namba ya chesesi kwenye chuma chenyewe, uilinganishe na kumbukumbu za TRA (Mamlaka ya Mapato) kabla ya kununua hata msasa. Kutu ikiwa imekula namba hiyo, usiiguse kwa grinda, waulize kwanza. Ukibadilisha rangi ya gari au injini, taarifa nazo zibadilishwe. Ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo hiyo isikutishe.

*Je, inalipa? (Mke wa msomaji, Lindi)*

Hailipi, mama. Kwa fedha anayoimwaga pale angepata pikapu inayotembea. Lakini unajua alipo kila Jumamosi.

*Tela la pikapu yangu (kule nyuma kwa mizigo) limetoboka kama chujio ilhali chini ni zima. Sijawahi kubeba samaki. (Tandahimba)*

Ulibeba salfa. Kila msimu wa kupulizia mikorosho salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga mifuko hupasuka, unga hujipenyeza kwenye mikunjo ya bati na chini ya mbao, umande unaulowesha, na salfa iliyolowa inakula chuma bila huruma. Ng'oa mbao zote. Fagia ikiwa kavu kabla ya kumwaga maji, ukijifunika pua. Kisha osha kwa maji mengi yenye magadi kidogo, suuza, anika jua kali siku mbili, ndipo uamue kipi cha kukata. Ukirudishia mbao, ziinue kwa vipande vya mpira ili maji yapite chini yake, uzibue yale matundu ya kutolea maji kwenye pembe za tela. Msimu ujao tandika turubai kabla ya kupakia mifuko.