Dada wa Kasarani, kabla hujalipa hizo 3,500 za vidonge vya kupunguza uzito

Dadangu, nimelisoma swali lako mara mbili. Una miaka 38, kilo 94, na mwenzako kazini amekuwekea vitu vitatu mezani: chai ya siku 28 ya kukausha kitambi, kopo la vidonge vya mitishamba la shilingi 3,500, na poda ya protini. Unauliza kipi kinafanya kazi bila madhara. Halafu mwisho kabisa, kama jambo dogo, ukataja kwamba tangu Januari unameza dawa ya presha. Mimi nitaanzia hapo mwishoni, kwa sababu ndipo lilipo jibu lako.

Mwaka 2019 nilikuwa na kilo 89. Mtoto wangu wa pili alikuwa ameshaacha kunyonya, na nguo za kazini zilikuwa zimenikataa zote. Nilinunua vidonge kwenye kibanda kimoja ndani ya yale majengo ya maduka madogo madogo katikati ya jiji. Kopo la kijani, picha ya jani, na maandishi kwamba ni mimea asilimia 100. Kidonge kimoja kila asubuhi.

Siku ya tatu njaa iliisha. Sisemi ilipungua, iliisha. Chai ya saa nne na mandazi vilikuwa vinakaa mbele yangu mpaka vinapoa na sina habari navyo. Ndani ya wiki tatu nilishuka kilo 6. Wenzangu kwenye sacco waliniuliza siri, na wawili niliwaelekeza kwa yule muuzaji mimi mwenyewe. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Naishi Donholm, ghorofa ya nne, na jengo halina lifti. Jioni moja nilikuwa nimebeba pakiti ya unga na sukuma wiki, nikafika ghorofa ya pili moyo unapiga hadi nausikia masikioni. Nikashika chuma cha ngazi, nikasimama. Mdomo ulikuwa mkavu kama nimetafuna vumbi, na usingizi ulikuwa umenipotea siku nyingi nikidhani ni mawazo ya kazi. Kesho yake saa ya chakula niliingia kemisti nikaomba kupimwa presha: 158 kwa 102. Mfamasia akaniketisha dakika kumi, akapima tena: 154 kwa 100. Maisha yangu yote sijawahi kuambiwa nina presha. Akaniuliza natumia dawa gani. Nikamjibu, “Hakuna, ni mitishamba tu.” Akaniambia nimletee kopo.

Nataka uone alivyolisoma, kwa sababu ndivyo ninavyosoma makopo mimi sasa. Alilipeleka mlangoni kwenye mwanga. Tarehe ya kuisha ilikuwa kwenye kibandiko. Akakikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba, chini yake kukatokea tarehe nyingine. Namba ya toleo haikuwapo. Jina la kiwanda lilikuwapo, lakini bila anwani. Majina ya mimea saba yalikuwa yamepangwa vizuri, ila hakuna hata mmoja ulioandikiwa ni miligramu ngapi. Akanirudishia kopo na kuniambia maneno ambayo sijayasahau: “Mama, kitu kinachozima njaa kwa siku tatu na kupandisha presha hivi, mimi nashuku kimewekwa sibutramini. Acha leo, usisubiri kiishe.”

Sibutramini ni dawa ya kweli, iliwahi kuuzwa hospitalini kihalali. Inafanya kazi kwenye ubongo, inaongeza kemikali zinazokupa hisia ya kushiba, na kemikali hizo hizo zinasukuma mapigo ya moyo na presha juu. Uchunguzi uliofanywa kwa watu wapatao 10,000, wengi wao wakiwa na ugonjwa wa moyo au kisukari, ulionyesha mishtuko ya moyo na viharusi vinaongezeka kwa wanaoitumia. Mwaka 2010 ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani. Tangu hapo imekuwa ikikutwa mara kwa mara ndani ya vidonge, kahawa na chai zinazouzwa kama mitishamba ya kupunguza uzito. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inaweka mtandaoni orodha ya bidhaa ilizopima na kukuta dawa zilizofichwa, na ukiisoma sehemu ya uzito utachoka kuhesabu. Pamoja na sibutramini utakuta fenolftalini, dawa ya kuharisha iliyoondolewa kwa sababu ya hofu ya saratani.

Vidonge vyangu havikupelekwa maabara. Ninachojua ni kwamba niliviacha siku ile, na baada ya wiki mbili presha ilikuwa 126 kwa 82. Kufikia Desemba nilikuwa nimerudisha zile kilo 6 na nyingine mbili juu yake.

Sasa jiweke wewe, ambaye presha tayari iko juu na unaitibu, kwenye ile ngazi yangu. Kwa hiyo hilo kopo la 3,500, jibu langu ni hapana. Usijaribu hata wiki moja. Najua mwenzako amepungua, na ninaamini hakudanganyi. Tatizo ni hilo hilo: kitu cha dukani kikikupunguza haraka kiasi hicho, basi ndani yake kuna kitu chenye nguvu, na kitu chenye nguvu lazima kitajwe jina na kipimo kwenye kopo. Kisipotajwa, usikimeze.

Na neno “mitishamba” lisikutulize. Miraa nayo ni mmea, na hapa Nairobi hakuna asiyejua inavyoondoa njaa na usingizi. Kuna mmea unaoitwa efedra uliokuwa ukiuzwa Marekani kwenye vidonge vya kupunguza uzito hadi ukapigwa marufuku mwaka 2004 kwa madhara ya moyo. Hata majani ya chai ya kijani, ambayo kuyanywa kikombeni hakuna ubaya, yakikamuliwa yakawa vidonge vikali yanaweza kuumiza ini. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walisema mwaka 2018 kwamba kuanzia miligramu 800 kwa siku za ile kemikali yake kuu, EGCG, vipimo vya ini huanza kuharibika kwa baadhi ya watu. Garsinia nayo, dawa ya tunda ambayo utaikuta kwenye makopo mengi ya namna hiyo, imehusishwa na ini kuumia, na faida yake kwenye mizani ni ndogo mno.

Chai ya siku 28. Geuza pakiti utafute neno sena. Karibu zote ninazokutana nazo zina sena, na sena ni dawa ya kufungua choo. Dada yangu mdogo, anayeishi Umoja, alikunywa chai ya namna hiyo kabla ya harusi ya rafiki yake. Ijumaa hadi Jumapili alishuka kilo mbili, akanipigia simu kwa furaha. Jumatano zilikuwa zimerudi zote. Maelezo yake si magumu: chakula chako kinanyonywa kwenye utumbo mwembamba, na sena inafanya kazi kwenye utumbo mpana, baada ya ugali na mafuta kuwa vimeshaingia mwilini. Kinachotoka ni maji na chumvichumvi, potasiamu ikiwemo. Usiku wa Jumapili aliamka saa tisa misuli ya mguu imekaza kama kamba, analia, mumewe anamkanda kwa maji ya moto.

Kwako wewe ni zaidi ya mguu kukaza. Baadhi ya dawa za presha tunazopewa hospitalini ni za kukojoza, na baadhi yake zenyewe zinapunguza potasiamu. Ukiongeza kuharisha kila siku juu yake, potasiamu ikishuka sana moyo unaweza kupiga ovyo. Na kama unatumia vidonge vya kupanga uzazi, jua kwamba kuharisha sana kunaweza kuvifanya visinyonywe vizuri. Hilo wauza chai hawalisemi.

Poda ya protini ndiyo salama zaidi kati ya hivyo vitatu, mradi figo zako ziwe nzima, na mtu wa presha anapaswa kupimwa figo kwanza. Lakini ni chakula, haichomi mafuta. Faida yake ni kushibisha na kulinda misuli wakati unapungua. Kijiko kimoja cha kopo huwa na gramu 20 hadi 25 za protini. Mayai matatu yanakupa kama 18. Maharagwe, ndengu, omena, maziwa lala, vyote vinafanya kazi ile ile. Mimi niliinunua mara moja, nikapiga hesabu ya bei, nikarudi kwa omena. Ukiona inakusaidia asubuhi za haraka, nunua kopo lililoandika kila kilichomo kwa gramu, lisilo na “mchanganyiko maalumu” wa kuchoma mafuta wala kafeini iliyoongezwa.

Utauliza, basi wewe unatumia nini? Kitu kimoja tu, nacho hakina mbwembwe: maganda ya isabgol, yale meupe mepesi yanayouzwa kwenye maduka ya Wahindi Ngara na Parklands, na kwenye kemisti pia. Ni nyuzinyuzi. Zinavuta maji na kuvimba tumboni, unakaa mezani tayari una kitu ndani. Glukomanani, nyuzinyuzi za aina nyingine, hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Ulaya wameikubali tangu 2012 kwa kipimo cha gramu 3 kwa siku, gramu moja moja kabla ya mlo na glasi moja au mbili za maji, na kwa mtu ambaye pia amepunguza chakula. Hilo sharti la mwisho ndilo wauzaji hulifuta. Hata nyuzinyuzi hizi zina hatari yake: ukizimeza kavu au kwa maji kidogo zinaweza kuvimba kooni zikakukaba.

Vilivyonipunguza hasa ni vingine. Nilikuwa nakunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko viwili vya sukari. Nikashusha taratibu hadi nikaacha. Nilikuwa nakaanga sukuma kwa kumimina mafuta moja kwa moja kutoka chupani, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori 120, sasa napima. Ugali nimeupunguza nusu, managu na terere nimejaza ile nafasi. Jioni nashuka Hamza badala ya kufika na matatu hadi Donholm, natembea zilizobaki. Miezi kumi na minne, kutoka kilo 91 hadi 78. Kuna mwezi mzima sindano ya mizani haikusogea kabisa, na ndio mwezi niliokaribia kurudi kwa yule muuzaji.

Kama daktari ataona unahitaji dawa, zipo halali. Orlistati inazuia karibu theluthi ya mafuta ya chakula yasinyonywe, na mafuta hayo hutokea chooni, utayaona. Kwa mwaka inakupunguzia kilo mbili tatu hivi zaidi ya zile utakazopunguza kwa juhudi zako. Zipo pia sindano za semaglutaidi zinazosemwa sana siku hizi. Hizo ni za cheti cha daktari, na usizinunue kwa mtu wa mtandaoni hata akushushie bei: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu Ozempic bandia (Ozempic ni jina la biashara la semaglutaidi) zilizokutwa nchi tatu.

Kwa chochote utakachonunua, tazama kwanza alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na utume ujumbe mfupi wa SM#, kisha namba ya kibali iliyo chini ya alama, kwenda 20023 ujibiwe kama ni ya kweli. Alama hiyo haithibitishi kwamba kitu kinapunguza uzito. Inakuambia tu kama mwenye bidhaa anajulikana. Kwa dawa, nenda kemisti iliyosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, umwombe mfamasia aisome pakiti mbele yako.

Na kama umeshalipa hizo 3,500, usilitupe kopo. Lipeleke kliniki yako ya presha pamoja na dawa unazomeza, na kama umeshameza hata kimoja, sema kimoja. Usiseme “hakuna, ni mitishamba tu” kama nilivyosema mimi. Ukihisi maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, au macho na mkojo kubadilika rangi, hapo usingoje tarehe ya kliniki, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Isabgol waulize pia. Wakikubali, anza na kijiko kimoja cha chai kwenye glasi kubwa ya maji, koroga unywe papo hapo, na uache saa mbili kati yake na dawa yako ya presha.